Benchi la Jumanne

Wasichana wa zahanati walinifanyia sherehe ya kuniaga, wakanipa vitenge na keki iliyokosewa jina langu, kisha wakasema, "Mama Saumu, utuandikie basi." Niandike nini? Chochote, wakasema, mradi tusome. Haya. Habari za vyeo sina, na mshahara wa nesi mnaujua wenyewe. Nitawaandikia habari za Jumanne, kwa sababu juzi mmoja wenu alinitembelea hapa Miyuji, akawa ananieleza kwamba kituoni kwetu wajawazito wamepokelewa siku yoyote tangu enzi na enzi. Nilikuwa nalisha kuku, nikaendelea kulisha, lakini si kweli hata kidogo.

Mimi ni mtoto wa mjini. Nimezaliwa mtaa wa Kikuyu, baba yangu akiuza vitambaa, na Kigogo changu kilikuwa cha kununulia karanga tu. Nilipopangiwa zahanati ya kijijini, upande wa kuelekea Mtera, nilishuka kwenye lori na sanduku la bati na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, jamani, kwenye vumbi lile! Mkunga niliyemkuta, Sista Perpetua, aliangalia viatu kabla hajaangalia barua yangu. "Karibu," akasema. "Hivyo vihifadhi, utavivaa siku ya kustaafu." Alikuwa Mgogo wa palepale, mfupi, mwenye mikono mipana, na kicheko chake ungeweza kukisubiri mpaka masika.

Kazi alinifundisha yeye, chuo kilinifundisha majina ya vitu. Kabla ya kugusa tumbo alinilazimisha nipashe mikono kwenye maji ya moto. "Tumbo la mtu si meza," alisema. Alinipa kile kipembe cha mbao cha kusikilizia mapigo ya mtoto, akanikataza kukishika wakati nasikiliza, sikio tu ndilo likishikilie, maana vidole vina mapigo yao na vinadanganya. Na alinikataza kumuuliza mama mimba ina miezi mingapi. Ukimuuliza hivyo atakutajia namba ya kukufurahisha. Muulize damu ya mwisho aliiona shamba likiwa katika hali gani. Mmoja atasema uwele ulikuwa unatoa mashuke, mwingine atasema tulikuwa tunamalizia kupura. Sista alikuwa na msimu wote kichwani: ukimtajia palizi ya kwanza, anakutajia mwezi wa kujifungua, na mara nyingi mtoto alimtii.

Sasa, Sista alipenda utaratibu kupita kiasi. Jumatatu wagonjwa wa kawaida, Jumanne wajawazito, Alhamisi watoto kupimwa uzito na kuchanjwa. Kijiji kilikuwa kimetutengenezea benchi refu la mbao, nalo lilikaa barazani, likitazama njia ya kwenda mashine ya kusaga. Hakuna mtu wa kijiji kile asiyepita njia hiyo. Ukikaa kwenye benchi hilo siku ya Jumanne, hata kama umejifunga shuka tatu, kila anayebeba debe la uwele kichwani anajua una nini tumboni. Sisi tuliliona ni benchi tu.

Na kijijini pale mimba changa haitajwi. Mwenyewe hasemi, mumewe hasemi, majirani hata wakiona tumbo wanaongelea mvua. Wa kwanza kuitaja ni mama mkwe, tena akisharidhika kwamba imeshika. Ikitajwa mapema wanasema imeachwa wazi, kama chungu kisicho na kifuniko, kila jicho linaingia. Kwa hiyo wanawake walikuja kuanza kliniki tumbo likiwa limeshafika kifuani, na sisi tukawapokea kwa maneno: "Ulikuwa wapi siku zote? Unadhani mtoto ni wa kwetu?" Wao wanaangalia vidole vya miguu. Wiki ijayo tunashangaa hawarudi.

Semina nilizohudhuria ziliniambia tatizo ni uelewa mdogo. Sawa, uelewa upo. Lakini kuna umbali, kuna kiangazi ambacho mama akienda kliniki hakuna wa kufuata maji, kuna midomo yetu sisi manesi. Halafu ukaja utaratibu wa kumtaka kila mama aje na mume siku ya kwanza. Wazo zuri, wapimwe pamoja. Ila waume wa kwetu nusu yao wako bwawa la Mtera kwenye samaki. Kijana mmoja wa bodaboda akawa anawasindikiza wanawake kama mume wao. Alipokuja mara ya tatu na mke wa tatu nikamwambia, "Shemeji, wewe una nguvu." Akacheka mpaka akasahau jina la mke aliyekuja naye. Hayo yote tuliyajua na tukayatafutia namna. La benchi hatukulijua, mpaka alipotokea Yustina; baada yake ndipo siku yoyote ikawa siku ya wajawazito.

Sista Perpetua alikuwa ameshastaafu, funguo ninazo mimi, na Jumanne nilikuwa naishikilia vilevile alivyoniachia. Yustina aliolewa na kijana anaitwa Ndahani, mnunuzi wa samaki, wakawa wanaishi kwa mama yake Ndahani, Bibi Mbeleje. Mimba ya kwanza alikuja mapema kuliko mtu yeyote, na mume pembeni, vidonge vya damu anameza bila kukunja uso. Nilimtumia kuwasema wengine: mwoneni mwenzenu! Kuelekea mwishoni presha ikapanda ghafla, tukampeleka mjini, mtoto akatoka hana uhai. Mimba ya pili, hivyohivyo: alikuja mapema, alikaa benchini kila Jumanne aliyoambiwa, presha ikapanda, mtoto akatoka amekufa. Nililia mara ya pili. Nesi haruhusiwi kulia, basi nililia stoo.

Muda ukapita. Siku moja nikamkuta Yustina mashine ya kusaga, anatafuna ule udongo wa mjini unaouzwa vipande vipande, na pumzi yake fupi. Nikamvuta kando. "Wewe, mbona hujaja?"

"Nije wapi, nesi?"

"Kliniki."

"Mimi sina kitu," akasema, akabeba unga wake akaondoka. Alikuwa anatembea kwa visigino, na mwendo huo wa wajawazito nimeuona maisha yangu yote. Nilikaa na hasira wiki nzima. Mwanamke anayejua presha imemnyang'anya watoto wawili, leo anakimbia mashine ya presha! Jumanne nikaangalia njia, hakutokea. Jumanne iliyofuata, hola. Kisha Alhamisi moja, baraza limejaa watoto wanaolia, namwona Yustina kwenye foleni, mtoto mgongoni.

Mtoto ana meno. Nikamwambia aingie. "Huyu wa nani?"

"Musa. Wa wifi yangu Neema. Nimeleta apimwe uzito."

Tukamning'iniza Musa kwenye mzani ndani ya ile suruali ya kitambaa ya kupimia, akapiga mateke, mzima kabisa. Nilipofunga kadi ya Musa, Yustina akasukuma mlango kwa kisigino, ukajifunga. Akasema polepole, "Nesi, mimi Jumanne siji. Nilikuja mara zote mbili, nikakaa pale, wakaniona wote. Mara zote mbili nimezika. Nikikaa tena pale nitazika tena. Lakini presha yangu naijua, nataka unipime. Nipime leo, mimi nimeleta mtoto."

Jamani! Nilikuwa na majibu yote ya semina mdomoni. Ningeweza kumweleza kwamba benchi halina presha. Lakini nilimwangalia nikaona huyu mtu amekwisha kufanya hesabu yake, na katika hesabu hiyo kliniki ndiyo iliyoua, kwa sababu alikuja kliniki na walikufa. Ningemwambia nini kipya? Nikamwambia, "Panda kitandani." Nikapasha mikono.

Tangu hapo Yustina akawa wa Alhamisi. Daktari Elia, tabibu wetu, nilimweleza, akampangia dawa ya presha inayomfaa mjamzito na akapanga ajifungulie mjini, aende mapema. Vidonge alivifungia kwenye pindo la kanga. Na kila alipokuja, Musa alipimwa. Nadhani hakuna mtoto wilaya nzima aliyepimwa uzito kama Musa. Ilifika mahali akiona mzani ananyoosha miguu mwenyewe aingizwe kwenye suruali. Akina mama wengine walimsifu Yustina, anavyompenda mtoto wa wifi yake, maskini, kwa kuwa wa kwake hakubahatika. Yustina anaitikia, "Ahsanteni." Mimi naandika uzito wa Musa na kuuma shavu kwa ndani.

Mama mkwe ndiye aliyenitisha. Bibi Mbeleje alikuwa mwanamke mkavu, mwenye ushanga shingoni, na kijiji kilimwogopa kidogo. Nilisikia kwamba baada ya msiba wa pili yeye ndiye aliyesema kliniki wasirudi. Nikawa namwambia Yustina, "Mama akijua?" Naye ananijibu, "Hajui." Nikaamini.

Alhamisi moja kabla ya mchana Yustina akaja uso umejaa, hata pete haitoki kidoleni. Nikabonyeza mguu, kidole kikaacha shimo. Kichwa kinamgonga, na mbele ya macho anaona vitu vinametameta. Presha nilipima, nikapima mkono wa pili, nikatamani mashine iwe mbovu. Haikuwa mbovu. Hicho ndicho kifafa cha mimba kinachobisha hodi, na kikiingia kinaweza kuchukua mama na mtoto pamoja. Nikamchoma sindano ya kukizuia, nikamwita Daktari Elia, nikamwambia Yustina, "Tunaenda mjini sasa hivi."

"Siwezi kutoka nyumbani bila mama kujua."

"Yustina, utakufa."

"Mwambie wewe, nesi."

Gari la wagonjwa lilikuwa limepeleka mtu mwingine. Nikamtuma mhudumu akamwombe mwalimu mkuu gari lake, nikamwacha Yustina na daktari, nikapanda bodaboda mpaka kwa Bibi Mbeleje. Nilimkuta anapepeta uwele.

"Mbukwenyi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa."

"Sikai, bibi. Ni Yustina." Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Nikaanza kwa mbali, kama tunavyofunzwa: kwamba kuna jambo mkwewe amelificha, kwamba asimkasirikie.

Akaweka ungo chini. "Presha imepanda?"

Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Unafikiri Neema anamtoa mwanawe kila mara bure? Mtoto nilimfunga mgongoni mimi. Mimi ndiye niliyemwambia nenda siku ya watoto. Nilisema Jumanne asirudi, sikusema presha isipimwe. Mimi si mjinga, nesi. Wajukuu wawili nimewafukia kwa jembe langu."

Miezi yote ile nilijiona hodari wa siri, kumbe siri ni ya kwake na mimi ni mfanyakazi wake. Nikamwambia gari linatafutwa, Yustina lazima apelekwe hospitali, na akipakiwa kwenye gari mchana kweupe, siku ya watoto, baraza limejaa, wote watajua.

"Hawatajua," akasema Bibi. Akajifunga shuka, akachukua kikapu, na pale pale mlangoni akaanza kuugua. Alishika kiuno, akapiga yowe, majirani wakatoka. "Tumbo! Nakufa, jamani! Yustina wangu yuko wapi aje aniuguze!" Tukapanda bodaboda watu watatu, yeye katikati, analia njia nzima. Dereva anasema, "Vumilia bibi, tunafika." Nilipomwambia Bibi kwa sauti ya chini apunguze yowe, akanijibu nimwachie kazi yake.

Barazani akina mama walimpisha, wengine wakatokwa machozi. "Pole bibi, pole mama." Akalazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la mwalimu, na Yustina akatoka chumbani amejitanda shuka, kikapu mkononi, kama mtu anayekwenda kuuguza. Ndivyo walivyomwona wote. Musa aliachwa kwa mhudumu, akamalizia uji wa mhudumu. Ndahani tulimpigia simu mpaka tukachoka, huko bwawani haikushika.

Tulipoipita nyumba ya mwisho Bibi akainuka mzima kabisa, akamlaza Yustina, kichwa akakipakata. Mimi nilikaa mbele na mfuko wa sindano, nimegeukia nyuma, namwangalia Yustina macho. Barabara ya vumbi ilikuwa mbaya, mwalimu akienda haraka tunarushwa, akienda polepole namgombeza. "Bado anacheza?" namuuliza Yustina. "Anacheza," anasema. Baadaye akasema, "Sijui." Niliogopa, nawaambia ukweli. Kuna woga wa mwanafunzi na kuna woga wa mtu anayejua kinachokuja, na huu wa pili ni mbaya zaidi.

Tulipofika hospitali mjini niliruka gari halijasimama vizuri, nikakimbilia mapokezi ya wazazi na barua ya rufaa. Nilikuwa nimepiga simu, walitutegemea. Nikawaambia mgonjwa yuko kwenye gari, leteni machela, vijana wawili wakatoka mbio. Sasa, kitu ambacho sikukiona ni kwamba langoni alikuwa amesimama katekista wa kijijini kwetu na mkewe, wamekuja kumwona ndugu yao. Bibi aliwaona. Akamwinua Yustina, akampa kikapu, akalala yeye chali kitini na kuanza tena, "Tumbo! Tumbo langu!"

Wale vijana wangejuaje? Walikuta mwanamke mmoja amelala analia, mwingine amekaa na kikapu. Wakambeba Bibi Mbeleje, wakamtandaza kwenye machela, wakaondoka naye mbio. Natoka mlangoni napishana nao, na ng'ambo yao namwona Yustina ameegemea gari, kikapu kimeanguka, macho yamegeuka juu, mkono umeanza kukakamaa.

Nilipiga kelele, lakini ya Bibi ilinizidi. Alikuwa amegeuza shingo na ameona nilichokiona. Aliruka kutoka kwenye machela ile ikiwa inakimbia, akaanguka kwa magoti, akasimama. Ukumbi wote umejaa watu, katekista yuleee, mkewe huyuuu. Bibi akanyoosha mkono akapiga ukelele kwa Kiswahili ili kila mtu asikie: "Si mimi! Mimi mzima! Huyo hapo! Mkwe wangu ana mimba! Ana mimba, mchukueni! Ana mimba!"

Alirudia sijui mara ngapi. Alikuwa analisema lile neno huku anamsukuma kijana wa machela mgongoni. Walimdaka Yustina kifafa kikimtingisha, wakamwingiza ndani, daktari akatoka anavaa glovu, nikasikia wanasema upasuaji, sasa hivi. Mlango ukafungwa. Mimi si mtumishi wa pale, nikabaki nje.

Bibi alikaa sakafuni, ushanga umekatika, punje zimetapakaa kwenye vigae na watu wanazikanyaga. Katekista alitusogelea, akatuona nyuso, akarudi alikotoka. Nikakaa sakafuni na mimi.

"Nimemtaja," akasema. "Mbele ya watu wote."

"Ndiyo, bibi."

"Nimemuua?"

Nimeulizwa maswali mengi kazini. Lile ndilo la pekee ambalo majibu yangu yote yalikuwa sahihi na hakuna hata moja lililofaa. Sikuwa nimesikia mapigo ya mtoto tangu zahanati. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Bibi, sijui." Akaitikia kwa kichwa. Nadhani alishukuru kwamba sikumdanganya.

Tulikaa. Watu walipita, wengine walitusalimia, mmoja alitupa maji. Bibi hakuyanywa. Kisha mlango ukafunguka, nesi kijana akatoka na kifurushi kidogo sana, anakwenda nacho chumba cha watoto njiti kwa haraka. Akaita, "Ndugu wa Yustina?" Nikasimama. Bibi hakusimama. Aligeuza uso ukutani na kufunika macho kwa kiganja.

"Mama anaendelea vizuri, amelala," nesi akasema. "Huyu ni mdogo, ila anapumua mwenyewe. Msichana. Bibi, huyu mjukuu wako, mwangalie kidogo kabla sijampeleka."

"Simwangalii," Bibi akauambia ukuta. "Mpeleke."

Hapo mtoto akalia. Hakikuwa kilio kikubwa, mapafu yenyewe ndiyo kwanza yanajaribu. Akanyamaza, akavuta pumzi, akalia tena. Bibi Mbeleje alisikiliza mpaka kilio cha tatu, akaondoa kiganja, akainuka kwa kushika bega langu, akamfunua mtoto shuka usoni na kumwangalia, watu wote wa ukumbi ule wakiwa wanamwangalia pamoja naye.